Kuitwa Mahali Pengine

Katika miaka yangu ya uchungaji mkoani Tanga, swali ninaloletewa ofisini kuliko mengine yote si la Utatu Mtakatifu wala la ubatizo wa watoto wachanga. Ni hili: "Baba Mchungaji, nimepata kazi mahali pengine. Niende au nibaki?" Huletwa na mwalimu aliyepata nafasi katika shule binafsi huko Arusha. Huletwa na binti aliyeambiwa kuna familia Oman inatafuta msichana wa kazi za nyumbani. Na tangu ulipoanza mradi wa bomba la mafuta litokalo Hoima nchini Uganda mpaka Chongoleani, kilometa 1,443, nimeletewa swali hilo na madereva, mafundi wa kuchomelea na walinzi.

Wengi wao hawaji kutafuta jibu. Wanakuja kunieleza kwamba wameomba na wamepata amani moyoni, nao wanataka mchungaji aiwekee amani hiyo mikono. Nimefanya hivyo mara nyingi, kwa sala fupi na kwa furaha. Halafu miaka michache iliyopita swali lenyewe likaja kukaa nyumbani kwangu.

Shirika moja la maendeleo lenye ofisi Dar es Salaam liliniandikia kunipa kazi ya kuratibu mradi wa maji vijijini. Sikuwa nimeomba. Rafiki niliyesoma naye chuo cha theolojia alitaja jina langu, nikaitwa tukazungumza, na baada ya wiki mbili barua ikafika. Mshahara ulikuwa zaidi ya mara tatu ya ule ninaoupata, tena ungeingia benki kila mwezi tarehe ileile, jambo ambalo mchungaji wa usharika wa mashambani akilisikia hujikuta anatabasamu peke yake. Familia nzima ingekuwa na bima ya afya. Nilipewa siku 14 kujibu.

Kwa utaratibu wetu wa KKKT, mchungaji hajichagulii kituo. Hupangiwa, na akihamishwa hufunga mizigo akaenda. Kwa hiyo washarika hudhani sisi hatulijui swali lao. Kwa kiasi wana haki. Kupangiwa ni mzigo, lakini pia ni pumziko: mtu mwingine amekwisha kuamua. Barua hii ilikuwa tofauti. Ili kuikubali ningepaswa kwenda mwenyewe kwa Askofu kuomba ruhusa, na ili kuikataa ningepaswa kumtazama mke wangu usoni.

Nieleze kwanza usharika ulivyo, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Uko upande wa Muheza, katikati ya mashamba ya mkonge. Mkonge si mmea wa hapa. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote yaliyojaza mkoa huu. Wakataji nao hawakuwa wa hapa. Waliletwa kutoka Songea, Kigoma, Iringa, Burundi na kwingineko, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Mtu alipewa kadi ya siku 30 za kazi, akiimaliza anapewa ujira na kadi nyingine. Wengi walikuja kwa mkataba mmoja tu, wapate mahari na bati, warudi. Watoto na wajukuu wa wale ambao hawakurudi ndio wanaokaa mbele yangu kila Jumapili. Usharika mzima umetokana na watu waliokubali kazi mpya.

Bei ya mkonge iliposhuka kwa sababu ya kamba za nailoni, makambi yakabaki na wazee. Shamba moja likauzwa, likauzwa tena. Mwaka ule barua yangu ilipofika, mmiliki mpya alikuwa ameanza kupima mipaka, na vigingi vyake vilipita katikati ya makaburi ya manamba. Pale wamelazwa Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine, na kati yao wapo wengi ambao hakuna tena ajuaye dini yao wala kwao. Hayana saruji. Ni mafungu ya mawe na miti ya minyaa. Kijiji kiliunda kamati ya kuzungumza na mmiliki, nami nikawekwa humo pamoja na sheikh wa msikiti wa jirani. Tulikuwa tumefika katikati ya mazungumzo.

Sasa nirudi kwenye ile amani ya moyoni. Usiku wa tatu niliomba, nikalala vizuri sana. Asubuhi nikajiambia: basi, ndilo jibu, niende. Nikiwa napiga mswaki nikamkumbuka Yona. Yeye alishuka Yafa, akakuta merikebu iendayo Tarshishi, akalipa nauli, mambo yote yakamnyookea, kisha akashuka chini ya merikebu akalala usingizi mzito wakati mabaharia wanalia kila mtu kwa mungu wake. Katika merikebu ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na amani, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda kusikotakiwa. Upande wa pili yuko Bwana wetu katika Gethsemane, akitenda mapenzi ya Baba kikamilifu, na jasho likimtoka kama matone ya damu. Tangu siku ile nimekuwa mgumu kidogo kwa watu wanaoniletea amani kama cheti. Amani ni karama ya Mungu na ninaiombea kila siku. Lakini mtu anaweza kulala usingizi kwa sababu ameona mshahara, na mwingine akakosa usingizi kwa sababu ametii.

Jibu jingine la haraka nililetewa na mzee wa kanisa. Yeye hakutaka hata tujadiliane. "Mchungaji haachi kazi ya Mungu akaenda kuchimba visima," alisema. Nampenda mzee yule, ila hapo sikukubaliana naye, na Mlutheri hawezi kukubaliana naye. Martin Luther alipigana hasa na fikra hiyo, kwamba mtawa na padre wanafanya kazi ya Mungu na wengine wote wanafanya kazi ya dunia. Alifundisha kwamba mama anayeosha nepi za mtoto na fundi anayeshona viatu wamo katika wito wa kweli, kwa kuwa kupitia mikono yao Mungu anamhudumia jirani. Msichana wa kijiji cha Handeni anayetembea na ndoo tangu alfajiri ni jirani yangu. Ningempelekea maji, ningekuwa katika kazi ya Mungu. Nilimweleza mzee hivyo, akanitazama kwa muda, akasema, "Kwa hiyo umeshaamua kwenda." Nikamwambia hapana, nimeamua tu kwamba sababu yako haitoshi.

Basi milango miwili ya haraka ikawa imefungwa, na siku zilikuwa zimebaki tisa.

Kilichonisaidia ni jambo nililolisoma chuoni nikalifaulia mtihani, kisha nikalisahau. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala wa Saksonia akaagiza chuo kikuu kihamie Jena, na Luther akatakiwa aondoke pia. Hakuondoka. Alibaki pamoja na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, na nyumba yake ikageuka kuwa hospitali wakati mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza kwa barua kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia kifo. Mtu angetegemea kwamba yeye aliyebaki angeandika kila mtu abaki. Hakuandika hivyo. Alisema kukimbia hatari si dhambi kwa yenyewe. Aliye huru aondoke akipenda, wala mwenye imani imara asimhukumu aliye dhaifu. Ila mtu aliyefungwa kwa jirani yake kwa sababu ya kazi aliyokabidhiwa, mhubiri, hakimu, tabibu, mzazi, mlezi wa yatima, huyo hana ruhusa ya kumwacha jirani mpaka awepo mwingine wa kushika mahali pake. Na pale penye wahubiri wa kutosha, wanaweza kukubaliana baadhi yao waondoke.

Angalia jinsi swali lilivyogeuka. Luther haulizi moyo wangu unasikiaje, wala kazi ipi ni takatifu zaidi. Anauliza: nani ameshika mkono wako sasa hivi, na ukiuachia, yupo wa kuushika? Ni swali linaloweza kujibiwa kwa kalamu na karatasi. Linakubaliana pia na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo katika kifungu cha 14 linasema mtu asifundishe hadharani wala kugawa sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Wito wetu Walutheri hutoka nje, kupitia watu wenye majina. Mtu hauchimbui ndani yake mwenyewe.

Lakini nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba kubaki ndiko utakatifu na kuondoka ndiko tamaa. Hapo pwani yetu ina kisa chake. Johann Ludwig Krapf, aliyekulia katika Ulutheri wa Württemberg na kutumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo mkewe Rosine na binti yao mchanga wakafa. Johannes Rebmann, wa kwao hukohuko, akamfuata mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai, nyuma ya Mombasa. Krapf alikuwa mtu wa njia. Mwaka 1848 alipanda Usambara mpaka Vuga kuonana na Mfalme Kimweri, na mwaka 1852 akarudi tena, kwa maana mfalme alikuwa radhi kupokea walimu. Alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni utakaovuka bara zima la Afrika. Mwaka 1853, mwili ukiwa umechoka, akarudi Ulaya.

Rebmann alikuwa mtu wa mahali. Naye alisafiri, na tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, wasomi wa Ulaya wakamcheka. Lakini baadaye alikaa Rabai. Wenzake waliugua, walikufa, waliondoka. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Waongofu walikuwa wachache, kiasi kwamba wageni walijiuliza mzee huyu anafanya nini hapa. Aliandika kamusi huku macho yakimfifia. Alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikuwa karibu kipofu, akiongozwa mkono na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alikufa Korntal, Ujerumani, mwaka uliofuata.

Nikichoka huwa nampenda Rebmann, kwa sababu hakuna aliyemwandikia ripoti ya mafanikio. Wanafunzi wangu wa kipaimara wanampenda Krapf. Na wana hoja: Krapf aliyeondoka hakuacha pwani. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na kila mchungaji anayehubiri kwa lugha hii amekula matunda yake kwa njia moja au nyingine. Mmoja alikaa, mmoja akaondoka, na Mungu hakumtupa yeyote. Kwa hiyo mfano wa watakatifu, ingawa ni mzuri kwa mahubiri, haukuniamulia.

Hata Yeremia hakuniamulia, ingawa alinikaribia zaidi. Katika sura ya 40 Yerusalemu imekwisha kuanguka, na Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi, anamfungua nabii minyororo na kumpa hiari: twende Babeli nikutunze, au baki nchini, popote upaonapo pema. Ni barua ya kazi kabisa, yenye marupurupu. Yeremia akabaki na Gedalia huko Mispa, kati ya maskini walioachwa. Wahubiri huishia hapo. Ukiendelea kusoma, Gedalia anauawa, watu wanatawanyika kwa hofu, na nabii mzee anaburutwa mpaka Misri asikotaka. Alibaki kwa sababu njema, na mambo yakaharibika. Yanayotokea baadaye si cheti, kama vile amani si cheti.

Nikachukua daftari la shule la mdogo wetu, nikaandika upande mmoja mambo yote niliyoshika usharikani, na upande wa pili jina la mtu anayeweza kuyapokea. Nilishangaa. Darasa la kipaimara: mwinjilisti analiweza, pengine kuliko mimi. Ujenzi wa kanisa, ambao ulikuwa umefika kwenye linta: mwenyekiti wa kamati anajua bei ya nondo kuliko mimi. Ibada za nyumba kwa nyumba, wagonjwa, hesabu za sadaka, yote yalikuwa na jina upande wa pili. Sakramenti angeletwa mchungaji mwingine. Ni vizuri mtu afanye zoezi hili akiwa mzima, kabla ya kufanyiwa na wengine siku ya mazishi yake. Linapunguza uzito.

Mstari mmoja tu ulikosa jina: makaburi.

Nilijaribu. Niliweka jina la mwinjilisti nikalifuta, kwa kuwa ana shamba la kukodi kwa mmiliki yuleyule. Niliweka jina la mzee wa kanisa nikalifuta, kwa kuwa yeye na mwenyekiti wa kijiji hawajasalimiana tangu uchaguzi. Mchungaji mpya angehitaji mwaka kujua nani ni nani, na vigingi visingesubiri mwaka. Jioni nilikwenda kukaa barazani kwa sheikh. Alikuwa amekwisha kusikia, habari huku hazihitaji gazeti.

"Mchungaji, nasikia unatuhama."

"Bado sijajibu, Sheikh."

"Haya. Ukienda wataleta mwingine, Alhamdulillahi. Ila mimi nina miaka sabini na miwili. Sijui kama nina muda wa kumzoea mwingine."

Tulinywa kahawa. Hakuniambia nibaki, wala nisingemruhusu.

Mke wangu ni muuguzi katika kituo cha afya, na ana akili ya hesabu kunizidi. Binti yetu mkubwa alikuwa amechaguliwa kwenda chuo, mkopo aliopata haukutosha, na mwanya uliobaki tulikuwa tunauangalia kama watu wanaoangalia mto uliojaa. Nilimsomea daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba watoto, wito wako niliolewa nao, sijaulalamikia. Lakini katika hilo daftari lako sijaona jina la mtoto wetu."

Alikuwa na haki, na Luther alikuwa upande wake: mzazi naye yumo katika orodha ya waliofungwa kwa jirani. Tukaufungua ukurasa mwingine. Tuliandika binti, ada, mama yangu mzazi aliyeko Lushoto na dawa zake za presha, wadogo wawili wa shule. Kila mmoja tukamwuliza swali lilelile: nikibaki, yupo mwingine wa kumshika, au ni mshahara ule tu? Mama ana kaka zangu. Wadogo wapo shule ya kata, wanakula, wanasoma. Kwa binti jibu lilikuwa gumu. Nikibaki, angeweza kuchelewa mwaka mmoja mpaka tukusanye. Tukamwita.

Sitasema alifurahi. Alikaa kimya, halafu akauliza, "Baba, kama usingekuwa na watoto, ungekubali hiyo kazi?" Nikamwambia kama nisingekuwa na watoto hata nisingefikiria mara mbili, ningebaki. Akasema, "Basi usiseme unakwenda kwa ajili yangu." Kisha akaongeza kwamba mwaka mmoja anaweza kuuvumilia, ila miwili hapana. Tukaandika hilo pia kwenye daftari, kama mkataba, na mama yake akaweka tarehe.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwa Mkuu wa Jimbo. Nilimwambia kila kitu, pamoja na mshahara, kwa sababu niliona wachungaji wanaotaja wito na kuficha mshahara wanajipunja ushauri. Akaniuliza swali moja tu: "Makaburi yakiisha, utakuwa na sababu gani?" Nikamjibu sitakuwa nayo, na ikija barua nyingine wakati huo nitaihesabu upya kuanzia mwanzo. Akasema hilo limemridhisha kuliko ningesema nitakufa hapahapa. Siku ya kumi na tatu niliandika barua ya shukrani na kukataa.

Nimeeleza kwa urefu ili msharika asichukue uamuzi wangu akauvaa kama koti. Muda mfupi baadaye fundi wa kuchomelea alinijia na habari ya kazi ya bomba. Alikuwa na karakana ndogo kando ya barabara. Nilimpa daftari. Karakana ilikuwa na kijana aliyemfundisha miaka minne, ambaye alikuwa anatamani tu apewe ufunguo. Mama yake alikuwa akiishi na dada yake Korogwe, salama. Mkewe alitaka aende. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu, na ukipata mapumziko uje ushiriki meza ya Bwana." Alikuwa amejiandaa kubishana na mchungaji aliyekataa fedha, akabaki ameduwaa. Binti wa Oman tulihesabu naye vilevile. Kwake nilikuwa na maswali zaidi, hasa la nani atakayeshika mkono wake yeye huko aendako, maana mkataba haukuwa na jina la mwajiri wala mji. Alikataa barua ile. Baadaye alipata kazi Tanga mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi.

Mazungumzo ya makaburi yalichukua miezi kumi na moja mingine. Tulipata mpaka, si wote tulioutaka: upande wa mashariki mafungu kadhaa ya mawe yalibaki nje, na siku ya kuweka bikoni sheikh alisimama upande ule akaomba dua, nami nikasema Baba Yetu, kwa kuwa hatukujua wale ni wa nani. Binti yetu alianza chuo mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Sehemu ya ada tulikopa SACCOS na bado tunalipa. Kuna mwezi mke wangu hupokea makato ya mkopo kwenye simu, akanionyesha kioo bila kusema neno, na mimi huangalia, nikamrudishia.

Kazi ile ya Dar es Salaam alipewa dada mmoja, mhandisi wa maji. Mwaka jana nilikwenda mazishini katika kijiji kimoja cha Handeni. Jua lilikuwa kali, tukaletewa maji kwenye vikombe vya plastiki, baridi, hayana chumvi. Nikauliza yametoka wapi. Akina mama wakanionyesha bomba karibu na shule, wakanieleza zamani walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni bondeni. Nikauliza nani aliuleta mradi. Wakamtaja yule dada kwa jina lake, na mmoja wao akasema amemwita mjukuu wake jina hilohilo. Nikaomba kikombe cha pili.